Debe la Samli la Mama Mkwe

Treni ya kutoka Tanga ilikuwa imeshapiga honi, na stesheni ya Korogwe ilifurika wachukuzi, wauza machungwa na manamba wa mashamba ya mkonge waliobeba mabunda yao. Katikati ya msongamano huo alikuja mbio Zuena, fundi cherehani wa mtaa wa sokoni, gauni la maua mekundu mwilini, khanga begani, kifurushi cha nguo za mteja mkononi. Zuena alikuwa mnene, tena si kidogo. Wanaume wa mji walimsifia unene ule kama vile wao ndio waliomlisha, na mwenyewe aliringa nao. Lakini siku ile, hatua chache kabla ya kufika kwenye behewa, moyo ulimwenda mbio vibaya, macho yakaingia kiza, akaanguka pu!

Wachukuzi walijaribu kumnyanyua, wakashindwa. Mmoja akaanza kucheka, na wenzake wakafuata.

"Mnacheka nini?" aliwafokea mwanamume mmoja mrefu, kaptula yake ya kaki imenyooka kwa pasi. "Leteni toroli!"

Basi Zuena alipelekwa hospitali juu ya toroli la mizigo, mji mzima ukitazama. Aliyemsukuma aliitwa Mhina, askari aliyerudi salama kutoka vita vya Burma, sasa msimamizi wa vibarua wa barabara.

"Tafadhali kaka, usinitazame," alinong'ona Zuena, amejifunika uso kwa khanga.

"Nisipotazama tutaingia mtaroni. Toroli halijui njia."

Alitaka kulia, akajikuta anacheka.

Alilazwa muda mrefu. Miguu ilivimba, usiku hakuweza kulala bila kuegemea mito, na daktari hakumficha: mwili upungue, ama moyo utasimama. Mhina alikuja kumwona kila alipotoka kazini, akileta machungwa. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani ndipo alipotoa shauri lake. Alikuwa na ghala tupu la mkonge alimowafundisha vijana mazoezi ya jeshini, kwa kamba na vipande vya reli.

"Mimi nikimbie? Mwanamke mzima na akili zangu?"

"Nani kasema ukimbie? Utatembea kuzunguka ghala. Ukichoka utakaa."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema. Kwani siku ya toroli walinyamaza?"

Zuena alimkazia macho, kisha akasema, "Una mdomo wewe." Lakini alikwenda.

Alikwenda alasiri, vijana wakishatoka, na Shangazi Mwatumu aliyemlea akakaa mlangoni na ukili wake, anasuka huku anachungulia, maana heshima ni heshima. Siku ya kwanza Zuena alizunguka ghala mara moja, akakaa chini, akalia. Siku nyingine alimtukana Mhina, akamwita nyapara asiye na huruma. Mhina alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, akasema, "Bado una nguvu za kutukana. Zunguka tena." Chakula nacho kilibadilika: mchicha, kunde, ugali kiasi, mafuta kidogo. Jamani, ilikuwa taabu! Ila miguu iliacha kuvimba. Usingizi ukarudi. Kila baada ya muda Zuena aliliweka lile gauni la maua chini ya cherehani yake na kulipunguza, akiimba.

Mji haukukosa la kusema. Walisema ana kifua kikuu. Walisema amerogwa. Zuena aliruka kamba.

Siku moja aliruka mpaka mwalimu mwenyewe akasahau kuhesabu.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza, jasho likimtiririka.

"Zuena, nimechoka kuwa mwalimu wako."

"Nifukuze basi."

"Nataka kuwa mume wako."

Kule mlangoni ukili ulimdondoka Shangazi. "Alhamdulillahi!" alipiga kelele kabla hata bibi harusi hajajibu.

Posa ikapelekwa, ikakubaliwa. Lakini kabla ya harusi Mhina alihamishiwa kazi ya barabara kule Handeni, na Shangazi Mwatumu akafanya kile ambacho mashangazi wote hufanya: alimweka mwali ndani. Mwali hatoki, hafanyi kazi, haonekani na mwanamume. Mwali anasingwa na kulishwa, atoke aking'aa. Wakati huohuo mama yake Mhina alisafiri kutoka Kwamsisi na debe zima la samli, akalikabidhi barazani, akaenda zake kwa ndugu huko Magoma bila kumwona mwali, kama desturi inavyotaka.

"Mumeo kakuletea," alisema Shangazi, akimwaga samli juu ya wali. "Kwao wanataka mke anayeonekana."

Zuena alishtuka. "Mhina kasema hivyo?"

"Imetoka kwao, basi kasema yeye. Kula!"

Siku chache baadaye Mhina alipiga simu kutoka boma la Handeni mpaka dukani kwa Mhindi, jirani na nyumba yao. Shangazi alikimbilia dukani, akaipokea yeye.

"Shikamoo shangazi, naomba niseme na Zuena."

"Marahaba. Mwali hasemi na mwanamume."

"Shangazi, nami niko Handeni!"

"Hata kwenye waya," alisema Shangazi, akakata simu.

Zuena alikula, alikaa, alikula. Haukupita muda mrefu akaamka asubuhi amevimba miguu, kifua kimebana kama zamani. Akaitazama miguu ile kwa hofu. Ni Mhina aliyemtoa huko, na sasa Mhina yuleyule anataka kumrudisha kwenye toroli! Alimpenda mno, na ndiyo maana ilimuuma mno. Akaanza kuruka kamba chumbani kwa siri, akawa anamwachia paka wali ule. Uvimbe uliposhuka, alivaa gauni lake la maua, akajitwika debe la samli, akatoka mchana kweupe. Mwali!

"Unakwenda wapi, we mtoto? Utatuaibisha!" alilia Shangazi.

"Nakwenda kumrudishia mtu samli yake."

Alipanda lori la Handeni. Mvua ilikuwa imenyesha, na kwenye kilima kikubwa lori lilikwama kwenye tope jekundu. Dereva akawashusha abiria wote wapande kwa miguu. Bibi mmoja mwembamba aliyevaa kaniki alipiga hatua mbili tatu, akashika kiuno.

"Shikamoo mama. Nishike mkono," alisema Zuena.

"Marahaba mwanangu. Na hilo debe je?"

"Debe halinisumbui."

Walipanda, bibi amemwegemea, debe kichwani, tope mpaka kwenye mashavu ya miguu. Zuena alisubiri moyo umsaliti. Haukumsaliti. Alifika kileleni wa kwanza, wanaume wazima wakiwa bado wanahema huko chini, na furaha ikampanda hadi machozi yakamtoka.

"Mwanangu, una nguvu wewe!" alisema bibi. "Laiti mkwe wangu angekuwa..." Akalikazia debe macho. "Kifuniko hicho kimefungwa kwa kipande cha kaniki yangu. Umekitoa wapi?"

Zuena alilitua debe chini. "Mama, wewe ndiye mama yake Mhina?"

"Ndimi. Natoka Magoma, narudi kwetu. Na Mhina hajui habari ya samli hii. Nimeileta mwenyewe, watu wa Kwamsisi wasije wakasema mwanangu ameoa mgonjwa."

"Mama," alisema Zuena taratibu, "nilikuwa mgonjwa nilipokuwa mnene." Akamweleza yote, tangu toroli mpaka miguu kuvimba.

Bibi alikaa juu ya jiwe akajishika kichwa. "Nusura nimuue mkwe wangu kwa samli! Nisamehe, mwanangu."

"Nimekwisha kusamehe, mama. Inuka twende."

Mhina alikuwa na vibarua wake barabarani alipowaona wanawake wawili wakija kwa miguu mbele ya lori. Akatupa sepetu.

"Mama! Zuena! Kuna nini?"

"Nimekuletea mkeo," alisema mama yake. "Na samli wape vibarua."

Mhina alimshika Zuena kifundo cha mkono, akasikiliza. Uso ukamwingia wasiwasi. "Mbona moyo unapiga haraka hivi?"

"Si kwa sababu ya kilima," alijibu Zuena.

Walioana Korogwe. Bibi harusi alikataa katakata kupakiwa kwenye gari. Alitembea mji mzima na gauni lake jeupe alilolishona mwenyewe, ngoma nyuma, Shangazi akipiga vigelegele kuliko wote. Walipofika stesheni, wachukuzi walisimama kumshangilia.

"Leteni toroli!" aliamuru Zuena.

Wakalileta mbio. Akamsukumiza Mhina juu yake, na kanzu yake na koti lake, akashika mpini.

"Mke wangu, unaniaibisha! Tafadhali usinitazame," alisema Mhina, amejifunika uso kwa kofia huku mbavu hana kwa kucheka.

"Nisipotazama tutaingia mtaroni," alisema Zuena, akalisukuma toroli mpaka nyumbani.