Mzigo wa Najiat

Saa nne asubuhi, kiti kimoja katika maktaba ya chuo kililalama kama kimekaliwa na mtu mzito. Hakikuwa na mtu.

Koleta, mkutubi, alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa sosholojia kutafuta na kupima taarifa. Aliendelea tu. "Kila mnaposoma jambo, ulizeni: nani kasema? Kajuaje?"

Alipopita akikagua kazi zao, ya Najiat ilimshangaza. Binti huyo aliandika kuhusu wapagazi wa njia ya zamani ya misafara, na kurasa mbili nzima zilimhusu mpagazi mmoja aliyeachwa afe porini, upande wa Sikonge, pembe ya ndovu ikiwa bado begani.

"Chanzo chako kiko wapi?"

"Amekaa pale, madam," Najiat alinong'ona, akionyesha kile kiti. "Ananisimulia mwenyewe."

Harufu ya jasho bichi ilimpiga Koleta puani. Akajilazimisha kucheka. "Basi muulize jina, tuliandike."

Najiat akauliza.

Papo hapo shingo yake ikainama kama aliyetwishwa gunia, na sauti nzito ya kiume ikamtoka kinywani. "Miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Wenzake wakamrudisha kwao, mtaa wa Itetemia, akiwa amepinda. Siku sita alizunguka ua bila kupumzika, miguu imevimba, bega likichubuka lenyewe. Koleta alikwenda kila jioni.

"Nisamehe, mama Najiat. Mimi ndiye niliyemwambia aulize."

Mwamvita, mama wa binti, alimpa mgongo, akamfuata mwanawe na kikombe cha maji.

Siku ya saba akaja Shehe Abdulatifu. Alisoma Kurani tangu asubuhi hadi sauti ikamkauka, na kadiri alivyosoma ndivyo Najiat alivyozidi kuzunguka, akihema, akiburuza miguu, nyayo zake zikididimia mchangani kuliko uzito wa mwili wake, mpaka ile sauti ikasema kwa unyonge, "Nimechoka. Nani atanipokea mzigo?"

"Mimi!" Koleta alilia. "Nitwishe mimi!"

Najiat akaanguka. Mama yake akamkimbilia, akamwinamia, akamkumbatia.

"Mama, nina njaa," Najiat alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Mwamvita alijaribu kuinuka, shingo ikakataa. Akaanza kutembea, ameinama, akiufuata ukuta wa ua, na Koleta nyuma yake, mikono ameinyoosha, akirudia, "Nipe mimi, mama, nakuomba, nipe mimi."

Shehe alikwishafunga kitabu chake.