Siku Baba Aliposema Hajui

Kila asubuhi Kiranja alifagia ua, akapanga vikombe, kisha akaanza kuamrisha watu. Hilo halikuwa jina lake, lakini nyumba nzima ilimwita hivyo, maana hata kuku wa jirani walimtii. Tangu karakana aliyofanyia kazi baba yake ifungwe, alijiongezea jukumu la kumkagua baba mlangoni kabla hajatoka kutafuta kazi.

"Kola, Baba. Imejikunja."

"Ndiyo, mkuu," baba alijibu, akainama anyooshewe.

Baba alikuwa fundi wa makochi. Alizunguka karakana zote za jirani, na jioni alirudi na jibu lile lile: hakuna kazi. Sasa baba mdogo alikuwa amempatia kibarua katika mji wa mbali. Ikaamuliwa kwamba akikosa kazi hadi Jumamosi, Jumapili atapanda basi akaishi huko. Kiranja akilifikiria jambo hilo, aliuacha uji wake bila kuumaliza. Alimpenda sana baba yake.

Jumamosi ilipofika, alivaa koti la baba, akaketi juu ya ndoo na kujifanya tajiri wa karakana, ili baba ajizoeze kuomba kazi.

"Haya, unataka nini?"

"Naomba kazi yoyote, bosi. Hali ni ngumu, nina familia..."

"Sasa unaomba kazi au unaomba msaada? Makochi ya springi unayajua?"

"Hayo sijawahi kuyatengeneza. Sisi tulitumia sponji."

"Baba! Sema unayajua! Darasani mwalimu akiuliza swali, wote tunanyoosha mikono, hata tusiojua. Mwalimu anafurahi, halafu anamchagua mwingine."

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha wakaondoka pamoja kwenda kwenye karakana ya mwisho iliyokuwa imebaki.

Mwenye karakana alikuwa mama mmoja mpole, mwenye sindano zilizochomekwa kwenye kola ya gauni. Alimkaribisha baba, na Kiranja akaketi kwenye benchi karibu na mlango.

"Makochi ya springi unayajua?" mama yule aliuliza.

Baba alimtupia binti yake jicho. Kiranja akaitikia kwa kichwa, haraka haraka.

"Nayajua," baba akasema.

"Afadhali! Kochi lile pale ni la mzee anayeumwa mgongo, analichukua jioni. Funga springi zake, mimi nafika dukani mara moja."

Baba alilisogelea kochi lililokuwa wazi. Akashika springi moja, akaiacha, akashika nyingine. Jasho lilimtoka. Kiranja aliitazama mikono ile aliyoizoea, akaona haijui pa kuanzia. Akamfikiria na yule mzee na mgongo wake. Moyo ukamuuma. Aliinuka, akamsogelea baba na kumnong'oneza, "Mwambie ukweli, Baba. Hata kama itabidi usafiri." Machozi yalikuwa yameshamlengalenga.

Mama alikuwa bado anatafuta pochi yake.

"Samahani, mama," baba akasema. "Nimekudanganya. Springi sijui kuzifunga. Ninachojua ni sponji na vitambaa. Nikikata kitambaa cha maua, maua yanakutana kwenye mshono. Nisamehe."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ni mimi niliyemwambia!" Kiranja akadakia. "Sikutaka aende mbali."

Mama akamgeukia baba. "Sikiliza, fundi. Sitakupa kazi kwa kukuhurumia."

"Sitaki huruma, mama. Niambie tu, hapa kazi gani inakulemea?"

Mama alimwonyesha rundo la vitambaa kwenye kona. "Hivyo. Mkataji wangu amehama. Hebu kata hicho cha maua nione."

Baba alikitandaza kitambaa mezani, akapima, akageuza, akapima tena. Alipochukua mkasi, mikono yake ilijua pa kuanzia. Akaviunga vipande viwili kwa pini. Mama akapitisha kiganja juu ya maungio, na maua yalikuwa yamekutana.

"Njoo Jumatatu, mapema," akasema. "Springi nitakufundisha mwenyewe."

Kisha akamwinamia Kiranja. "Binti yangu, njia ya mwongo ni fupi. Fundi akiniambia asichokijua, ndipo ninapomwamini anaposema anajua. Anayetafuta kazi asilie shida wala asijisifu kwa asilonalo. Aseme anachokiweza, kisha aulize mwenzake anahitaji nini. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

Walipotoka nje Kiranja alimshika baba mkono kwa nguvu, akauliza.

"Kwa hiyo huondoki?"

"Siondoki, mwanangu."