Hawa Mwenye Kovu

Jioni ya mkesha wa Watakatifu Wote nilikwenda karakana ya Lorenz, mchongaji, kuchukua msalaba wa kaburi la binti yangu, Apolonia. Homa ilikuwa imemchukua majuma sita kabla. Lorenz alikuja kupima maiti, eti urefu wa msalaba ulingane na wa marehemu. Nikamwacha naye peke yake, nikaenda kanisani kuchota maji ya baraka.

Hilo ndilo kosa langu.

Karakana ilinuka mti mbichi wa linde, ule laini wapendao wachongaji. Na majani ya rosemari... yale tunayowashikisha wafu wetu mikononi.

Msalaba haukuwapo.

Dirishani alisimama mwanamke wa mti, uchi, tunda mkononi.

"Hawa huyo," Lorenz akasema. "Ni wa mheshimiwa mmoja, wa chumba chake cha wageni. Kesho asubuhi anamchukua. Si mzuri, Mama Apolonia?"

Chini ya titi la kushoto palikuwa na kovu dogo, limepinda kama mwezi mwandamo. Ni maji ya moto. Niliyamwaga mimi, kwa bahati mbaya, akiwa anatambaa. Kovu lile tulilijua yeye, mimi na Mungu.

"Ulimvua sanda."

"Mama, maiti haoni haya."

"Mimi naona! Wanaume wamshikeshike mwanangu huku wakinywa divai?"

"Ni mti tu. Mgonge mgongoni. Nimemkomba ndani asije akapasuka akikauka. Ni mtupu."

Nikagonga.

Ko. Ko.

Kimya.

Kisha, kutoka ndani, taratibu...

Ko. Ko.

"Panya," Lorenz akanong'ona. Lakini alikuwa amekwisha kurudi nyuma hadi ukutani.

Nikavua mtandio wangu, nikamfunika, nikambeba.

"Mwache, mama... Tulimsimamisha hapo wanaume watatu."

Mikononi mwangu alikuwa mwepesi. Na alikuwa na joto.

Nimemlaza kitandani kwake. Padre anasema nimchome. Mheshimiwa alituma watu wawili. Walichungulia dirishani, wakakimbia. Waliona nini, hawasemi.

Kila jioni nasali, nikijaribu kumsamehe Lorenz. Nikifika "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea," ulimi unakuwa mzito. Ndipo chumbani mti unalia, kama mtu anayejigeuza kitandani, na sauti ya Apolonia inatoka humo:

"Usiseme, mama."