CD ya Mazishi ya Mama Ilipoonyesha Sherehe ya Mume Wangu

Kwa TV tulitarajia kuona jeneza la mama yangu. Badala yake akatokea mume wangu! Amevaa suti, amekaa kando ya msichana aliyevishwa maua shingoni...



Hiyo ilikuwa 2006, kwangu Matisi, Kitale. Ndugu zangu walikuwa wamekuja tukumbuke mama, mwaka mmoja tangu tumzike. Kaka yangu mkubwa, Gathogo, ndiye aliweka CD kwa deki. Juu yake kulikuwa na mwandiko wangu: MAZISHI YA MAMA.

Sasa kwa TV ni vigelegele. Mzee fulani anaongea kwa maikrofoni:

"Mkwe wetu, simama watu wakuone!"

Jotham akasimama. Kwa TV.

Na Jotham mwenyewe alikuwa amekaa karibu na mimi, kikombe mkononi.

"Jotham, hiyo ni nini?" Gathogo akauliza.

"Zima hiyo kitu."

"Nimekuuliza hiyo ni nini!"

"Hiyo CD ni mbovu bana! Si ilikataa kabisa!"

Nikamgeukia polepole.

"Ilikataa wapi, Baba Sally?"

Akaweka kikombe chini, akaanza kutafuta rimoti...

Wapendwa, mnataka kujua kama nililia? Sikulia. Nilikusanya vikombe nikapeleka jikoni, nikaviosha. Vingine bado vilikuwa na chai ya watu.

Wacha niwaeleze. Naitwa Wacuka. Jotham alikuwa anafanya kazi Bungoma, wikendi anakuja Kitale. Kwao ni Matulo. Tulipomzika mama, mtu wa video alituwekea kila kitu kwa CD moja, zile za kufutika. Alinisifia sana. Ati ni nzuri, unaweza kufuta na kuandika tena.

Sikujiuliza ni nani atafuta.

Baadaye Jotham akaniomba hiyo CD.

"Kuna watu wa kwetu hawakufika mazishi. Wacha waone."

Nikampa. Hata nikamshukuru! Aliirudisha ndani ya kava yake, nikaiweka kabatini. Sikuwa na nguvu ya kuiangalia.

Siku ile ya aibu Jotham alisema ni makosa ya kompyuta. Ati hizo CD huchanganya picha za watu. Mimi sikubishana. Nilimpigia pasta wa kanisa lao Bungoma, nikamwambia tu nilichoona na jina la mzee nililosikia kwa maikrofoni: Wabwile.

"Mama Sally, njoo nayo," pasta akasema. "Huyo mzee namjua. Nitamwita pia."

Tukaenda, mimi na Gathogo. Tukakaa kwa ofisi ya kanisa, wazee wa kanisa upande mmoja, Jotham upande mwingine. Mzee Wabwile alikuwa bado njiani. Pasta akaweka CD kwa deki ya kanisa.

Deki ikazunguka... ikazunguka...

NO DISC. Ati hakuna CD ndani.

Wakaitoa, wakapangusa kwa kitambaa, wakarudisha.

NO DISC!

Kijana wa kwaya akaishika, akaiangalia kwa dirisha.

"Hii deki ni ya zamani, pasta. Hizi za kufutika hazirudishi mwanga vizuri kama zile za kawaida. Deki kuukuu inaona ni kama haujaweka kitu."

Jotham akacheka kidogo.

"Mnaona? Hakuna kitu. Hata kwetu Matulo ilisema hivyo hivyo. Mama Sally amekuwa na mawazo mengi tangu mama yake aende."

Hapo ndipo nilielewa. Aliijaribu kwa deki kuukuu ya kwao, ikakataa, akafikiri imekufa. Ndiyo maana aliirudisha kwangu bila wasiwasi. Deki yetu ya Matisi ilikuwa mpya.

Nilikuwa najua ukweli, lakini sikuwa na la kuonyesha. Na sikusikia uchungu. Nilikuwa tu naangalia mikono yangu.

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia Mzee Wabwile na binti yake. Ni yule wa maua! Anaitwa Nekesa. Aliponiona akasimama mlangoni, kisha akakuja mbio, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana dada! Ni wewe dada ya marehemu, si ndiyo?"

"Marehemu gani?"

"Bibi ya Jotham! Mazishi yake tulionyeshwa kwa CD, kwetu nyumbani. Ulilia sana wewe..."



Jamani!

Matanga ya mama yangu yalikuwa yamegeuzwa kuwa yangu. Jeneza lilikuwa limefungwa, hotuba zote ni za Kikuyu, nani angejua? Na mimi niliyekuwa nalia pale kaburini, nilikuwa dada yangu mwenyewe!

"Nekesa," nikamwambia, "mimi ndiye bibi ya Jotham. Aliyezikwa ni mama yangu."

Mzee Wabwile akavua kofia. Akamgeukia Jotham.

"Kijana, si wewe ulipatia mtu wa video hiyo CD siku ya sherehe atuwekee yetu? Mukaniambia mumefuta ya matanga, kazi yake imeisha?"

Jotham aliinama. 

Ndoa hiyo ikavunjwa. Mimi nikarudi Kitale kwa mtoto wangu Sally, Jotham akabaki huko. Fundi wa kompyuta alijaribu kumtafuta mama kwa hiyo CD, hakupata kitu. Yule mtu wa video wa mazishi naye alisharekodi harusi ya watu juu ya kaseti yake ya kwanza.

Lakini siku moja mchana Nekesa alibisha mlango wangu. Alikuwa ameona ile video ya mazishi mara nyingi kabla ifutwe, akinihurumia, akaja kunisimulia yote. Nyimbo. Maua. Nani alimwaga udongo wa kwanza. Mimi siku hiyo sikumbuki chochote.

"Kisha mvua ikaanza," akasema, "mtu akakufunika na koti yake."

"Nani?"



"Jotham."

Nikaitikia kwa kichwa, nikamwambia aendelee.

Wapendwa, unachokipenda usikiweke kwa CD ya kufutika. Tumia ile ya kuandikwa mara moja tu, ijaribu kwa deki zaidi ya moja, na utoe nakala ya pili.

Na hiyo ya pili isikae mahali mtu wako wa nyumbani anaifikia.