Mawimbi ya Mita Mbili Kimulot

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla maziwa hayajachemka, simu ya Kogo Rebeccah ililia mara moja, naye Nelvine akatoka jikoni mbio kumsomea bibi yake huyo hali ya hewa. Simu hiyo iliachwa na shangazi Janeffer, mpishi wa hoteli katika visiwa vya Shelisheli, alipokuja nyumbani likizo. Habari zake zilikuja kwa Kiingereza. Kogo hakukijua, lakini Nelvine alikuwa darasa la sita na Kiingereza kilikuwa somo lake la kujivunia.

Majirani wa hapo Kimulot walisikia na wakaanza kusimama langoni wakielekea kuchuma chai. "Mtangazaji wetu, leo kunasemaje?" aliuliza Mathew, baba yake Kipruto. Nelvine alisoma, watu wakashukuru. Redio ya Kogo ikafunikwa kitambaa. Basi Nelvine akavimba kichwa kidogo, na nani asingevimba?

Tatizo ni kwamba simu ilisema mambo mengine pia. Ilisema mawimbi yatafika mita mbili. Ilisema vyombo vidogo vijihadhari. Ilitaja saa ambayo maji yangejaa. Nelvine alitazama nje na kuona chai, chai tena, na kule juu msitu wa Mau. Mawimbi yangepita wapi? Alijaribu kuelewa, akashindwa. Kuuliza aliona haya, maana mtangazaji hapaswi kuuliza. Kwa hiyo aliiruka mistari hiyo na kusoma ya jua na mvua tu.

"Hiyo ndiyo yote?" Kogo alimwuliza siku moja.

"Ndiyo yote, Kogo," akajibu, macho yake yakiwa chini.

Ijumaa simu ilisema hakuna mvua, na mvua ikanyesha hadi njia ya shule ikawa tope. Kogo alikuwa ameanika debe moja tu la mahindi, akaliokoa. "Labda ilikuwa inapita," akasema. Nelvine aliwaza. Simu si inatoka ng'ambo? Simu ya ng'ambo itadanganyaje?

Jumamosi simu ikasema tena: jua siku nzima. Kogo akapiga makofi. "Basi leo tunatoa yote. Hayo mahindi yakikaa kwa gunia wiki nyingine yataota ukungu, na ukungu ni sumu."

Yalikuwa magunia saba, chakula cha nyumba hiyo mpaka mavuno mengine. Nelvine alisaidia kuyamwaga juu ya maturubai uani. Mara mbili alifungua mdomo aseme, mara mbili akaufunga. Kogo akajifunga kikapu cha chai mgongoni na kuingia shambani pamoja na majirani waliokuja kumsaidia kuchuma. "Chunga kuku wasile," akaagiza.

Nelvine alikaa na kuku na wasiwasi. Simu ilisema maji yangejaa saa tano na robo. Akawaza: nikienda mtoni nikiona maji yamejaa saa hiyo, basi simu ni ya kweli, na hata mambo ya mvua ni ya kweli. Lilikuwa wazo la ajabu, lakini aliyechanganyikiwa hushika lolote. Akafungia kuku bandani, akachukua simu, akateremka mtoni.

Saa tano na robo ikafika. Maji yalipita juu ya mawe yale yale, yakifika pale pale. Nelvine alichomeka kijiti ukingoni ili apime, akangoja tena.

"Nyathina, mtoto wangu, unatega nini hapo?"

Alikuwa Mzee Oyugi, fundi wa mashine wa kiwanda cha chai, aliyekuwa akiosha pikipiki yake hapo chini. Alihamia Kimulot miaka mingi iliyopita kutoka upande wa ziwani.

"Nangoja maji yajae," Nelvine akasema kwa sauti ndogo.

Oyugi alicheka mpaka akashika kiti cha pikipiki. Kisha akaona machozi ya mtoto, akakatiza kicheko. "Hebu nisomee. Soma yote, usiruke kitu."

Kwa mara ya kwanza Nelvine alisoma yote: upepo, mawimbi, vyombo vidogo, maji kujaa.

"Sisi tuliozaliwa karibu na maji makubwa tunajua maneno kama hayo," Oyugi akasema. "Hizo ni habari za watu wa mashua. Simu ilitoka wapi?"

"Kwa shangazi, Shelisheli."

"Basi bado inakusomea hewa ya visiwa vya huko! Umeangalia juu leo?"

Nelvine aliinua macho. Juu ya Mau mawingu yalikuwa meusi.

Alipanda mlima akihema, akasimama kwenye ukingo wa shamba. Wachumaji wote walimgeukia. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini akapaza sauti. "Kogo! Mvua inakuja! Simu inasema habari za baharini, na mimi nilikuwa naficha hiyo mistari!"

Hakuna aliyepoteza muda kugomba. Wachumaji walimwaga majani ya chai kwenye nyasi, wakakimbia na vikapu vitupu, wakachota mahindi na kuyaingiza nyumbani, kikapu baada ya kikapu. Mathew, aliyekuwa ameanika maharagwe kwake, alitimua mbio kwenda kuyaokoa. Oyugi naye akafika, akashika sepetu. Magunia matano yalikuwa ndani matone ya kwanza yalipoanguka. Mawili yalilowa.

Alasiri waliyatandaza yaliyolowa kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, wakichambua punje mbaya. Nelvine alilia akichambua. "Nisamehe, Kogo. Niliogopa mtasema sijui."

Kogo hakuinua mkono wala sauti. "Si kutojua kulikolowesha mahindi, mtoto wangu. Ungeniambia jana kuna maneno huelewi, tungemtafuta mtu wa kutueleza. Ulichokificha ndicho kilichotuumiza. Siku nyingine, usipoelewa sema, hata kama watu wanakusifu."

Oyugi alikuwa akibonyeza simu pembeni. Jina la kisiwa, ambalo Nelvine alidhani ni la simu, likaondoka. Alitafuta Kimulot, asiipate, akapata Bomet. Mathew akaingia akipangusa matope, maharagwe yake yakiwa salama. "Haya, mtangazaji. Kesho je?"

Nelvine alisoma polepole, mstari kwa mstari. "Inasema jua mpaka mchana. Lakini hii ni ya Bomet mjini, Baba Kipruto. Ya hapa kwetu, sijui."

"Sasa umetusomea," akasema Kogo.