Mume Wangu Alilifukua Jina la Kaka Yangu

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, mkulima wa korosho na ufuta. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia. Nimeolewa Nandagala, kule Ruangwa, lakini haya nayaandika nikiwa kwa mama yangu Naipingo, Nachingwea. Situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka, nikifika uani sikumbuki nilichofuata... Labda nikiwaeleza nitapumua.

Kaka yangu Bakari alikuwa kocha wa timu ya taifa.

Kabla yake mama alikuwa amezika watoto wawili. Alipozaliwa huyu, mama akampa jina la kukidanganya kifo. Akamwita Mtupeni. Kifo kikipita kikasikia mtoto anaitwa hivyo, kitadhani hana thamani, kimwache. Na kweli, kikamwacha! Alipotoka jandoni akapewa jina la Bakari, na lile la utoto likazikwa huko huko porini. Kwetu, mwanaume aliyetoka jandoni ukimwita jina lake la utoto umemtukana tusi kubwa. Mimi mdogo wake nililijua, lakini sikuwahi kulitamka.

Kaka alianza kucheza peku kwenye kiwanja chenye visiki. Mguu wake wa kushoto ulimtoa kijijini ukampeleka Nachingwea mjini, kisha Dar es Salaam. Goti likamwangusha mapema. Watu wakasema amekwisha... Yeye akasomea ukocha. Akafundisha timu za watoto, akawa kocha msaidizi, mpaka siku redio ilipotangaza kuwa amekabidhiwa timu ya taifa.

Mama akauliza, "Taifa ni timu ya wapi?"

Tukacheka mpaka machozi. Nikamwambia ni ya kwetu sote.

"Basi asigombane na mtu," akasema mama.

Sitawadanganya, kaka hakuwa malaika. Nyumbani alikuja kwa nadra, na maneno yake yalikuwa makavu. Lakini hakuwa mtu wa upendeleo. Na hapo ndipo balaa letu lilipoanzia.

Mume wangu Mfaume aliingia jando moja na kaka. Mpwa wake ni golikipa. Msimu wa kupulizia mikorosho, Mfaume akampigia kaka simu, akamwomba amwite yule kijana kambini. Nilikuwa pembeni, nikasikia jibu.

"Shemeji, mpwa wako anaogopa krosi. Akiacha kuogopa nitamwita hata bila simu yako."

Mfaume akacheka kwa sauti. Alipokata simu hakucheka tena. Akajitwika mgongoni mashine yake ya kupulizia dawa ya salfa akaenda shamba bila kuniaga.

Miezi ikapita. Timu ikaanza kufungwa. Siku moja nikiwa natenganisha korosho na mabibo, redio pembeni, wasikilizaji wanapiga simu kumlaumu kocha, nikasikia sauti ninayoijua... Mume wangu! Mtangazaji akamuuliza anamfahamu vipi kocha.

"Ni shemeji yangu huyo, tumeingia jando moja! Nyie jina lake la kwanza hamlijui. Anaitwa Mtupeni! Sasa mnasubiri nini? Jina lenyewe limeshawaambia!"

Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Mimi korosho zilinidondoka.

Aliporudi nilimuuliza kwa nini. "Utani tu huo, mke wangu! Kwani shemeji hataniwi?" Nikamwambia shemeji anataniwa upara wake, anataniwa ulafi wake, lakini jina lililozikwa jandoni halina mtani. Akasema, "Si angemwita mpwa wangu..."

Kumbe haukuwa utani!

Mechi iliyofuata ilinikuta Naipingo kwa mama. Alikuwa amekaa na ungo wake, anapepeta mtama, redio imewekwa juu ya kinu. Timu yetu ikafungwa. Lile jina likaanza upande mmoja wa uwanja, likaenea kote: "Mtu-pe-ni! Mtu-pe-ni!"

Mama akainua uso. Akatabasamu!

"Wanamwita mwanangu," akasema. "Nani kawaambia?"

Sauti zikazidi. Taratibu tabasamu likamtoka, akaweka ungo chini.

"Kumbe wenzetu wanamaanisha."

Wiki haikuisha, kaka akafukuzwa kazi. Akarudi Naipingo na begi moja. Alitaka kufundisha vijana wa kijiji, akaenda Ruangwa sokoni kutafuta mipira. Wauza mitumba wakamwimbia lile jina, huku wakipiga makofi. Akarudi bila mipira. Tangu hapo hakutoka tena. Alizunguka uani kutwa, akipanga makopo chini kama wachezaji, akiyapangua, akiyapanga upya. Msukuma mmoja mfugaji, aliyetuletea maziwa, ndiye pekee aliyeendelea kumsalimia, "Shikamoo, kocha." Siku aliyokuja huyo, kaka alikula.

Asubuhi moja alianguka katikati ya makopo yake. Hospitali wakasema ni presha. Hakuzinduka.

Msibani Mfaume alikuja. Alilia kuliko wote. Jeneza lilipoinuliwa, na yeye akatia bega. Mama akaomba tumwinue asimame. Ni mzee sana, sauti yake ndogo, lakini uani kila mtu alimsikia.

"Mbebeni polepole," akasema. "Mimi nilikuwa nakidanganya kifo tu. Sikuwaambia ninyi mumtupe."

Mfaume akatoa bega lake. Mwenzake akashika nafasi, jeneza likaenda. Yeye akabaki amesimama pale, mikono imelegea, mpaka wanaume wote wakapotea njiani.

Arobaini imepita. Ametuma wazee wa kwao, wanasema anajuta, usingizi hapati. Nawaamini. Hata mimi sipati. Kama nitarudi Nandagala au sitarudi, kwa kweli sijui... Nampenda, lakini nikiisikia sauti yake naisikia ile ya redioni.

Ndugu zangu, ukiwa na hasira na mwenzako, mfuate. Kaa naye, mgombane mpaka majirani waje waamue! Usiifunike hasira yako kwa utani, wala usichukue siri mliyotunziana mkiwa wadogo ukawapa watu wasiomjua.

Na ninyi mnaojaa viwanjani, mkianza kuimba jina la mtu ili aondoke, kumbukeni kuna mama mahali fulani amekaa na redio. Kwa dakika ile ya kwanza, anadhani mnamshangilia.