Vichupa Kumi vya Insulini

Kufuli ilikuwa imekatwa. Mulango ya frigo ilikuwa wazi, na vichupa kumi vya insulini vilikuwa vimeenda. Pesa ya kliniki ilibaki mu tiroir ya meza. Dawa ya malaria pia.

"Mwizi alijua kitu anatafuta," Inspekta Chishimba akasema.

Mama ya Chishimba alikuwa mutu wa Pweto, kule Kongo, njo maana kesi za Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala zilikuwa zinamuangukia yeye.

Nesi Ngalula alikuwa amekaa chini, mugongo ku ukuta. Ku kitanda Gloire, mutoto wa miaka kumi na moja mwenye sukari, alikuwa anapumua mbio kama mutu mwenye kutoka kukimbia.

"Bila sindano, atafika mpaka lini?" Chishimba akauliza.

"Kesho, Tata. Pengine."

"Ingine haiko?"

"Nimepiga simu kila pahali. Iko Mansa tu, ku hospitali kubwa. Gari inakuya Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano.

Ku mukono ya frigo Chishimba akaona magamba mawili ya samaki, yamekauka. Akayatia mu karatasi.

"Nani mwenye kuuzisha samaki aliuliza hii dawa?"

Ngalula akafikiri. "Mama Marlène wa Kabuta, ku ziwa. Mutoto wake, Méschac, iko na sukari. Nilimurudisha, jina yake haiko mu liste ya kambi. Akauliza tu, inalindwa namna gani. Nikasema, mu baridi."

Kule Kabuta, Marlène alikuwa anapanga samaki mu sanduku: samaki, barafu, samaki, barafu.

"Karibu, Inspekta. Unataka samaki ao kesi?"

"Kesi. Fungua mpaka chini."

"Utanuka mikono."

"Nitanawa."

Chini kabisa, mu nailoni, vilikuwa vichupa tisa. Akainua kimoja ku jua. Dawa ilikuwa imeganda, nyeupe, ngumu.

"Uliiba juu ya nini?"

Marlène akapangusa mikono ku kitenge. "Juu ya Méschac. Samaki yangu inafika ku soko ya Mununga bila kuoza, kwa barafu na chumvi. Nikasema hii nayo nikiifunika muzuri, itatuvusha miezi."

"Na cha kumi?"

"Nilikiyeyusha mu mukono. Nimemudunga asubui, mara mbili. Sukari haishuke. Nilitaka nimudunge ingine."

Chishimba akapigia Ngalula simu, akaweka sauti juu.

"Imeganda? Tata, hiyo ni proteni, kama yai. Ikiganda inaharibika. Hata irudie maji, haina kazi tena."

"Yote?"

"Yote."

Marlène akakaa mu muchanga.

"Nililinda muzuri kupita samaki," akasema.

Pingu zilibaki ku mukaba. Chishimba akamutoa Méschac mu nyumba, akamubeba mpaka mu gari ya polisi, mutoto mwepesi kama kikapu kitupu, wakapita kumuchukua Gloire na Nesi Ngalula ku kliniki, wakashika njia ya Mansa. Zaidi ya kilometa mia mbili.

Marlène alikaa katikati ya watoto wawili.

Gloire akaomba maji. Marlène akamupa.

Kisha Méschac akaomba.

"Tuko wapi?" Marlène akauliza.

Chishimba akaongeza mwendo. Walikuwa hawajatoka hata Nchelenge, wilaya ya kambi.